Kisima cha Baba Mapacha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke jirani yetu wa Kigogo, dereva wa bajaji, ambaye Jumamosi hii tunamsomea hitima ya arobaini. Mtaa mzima tulimwita Baba Mapacha.

Nilimjua vizuri Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipofurika na kuingia majumbani mwetu. Aliwavusha kwanza wanawe, wasichana wawili wadogo, mmoja kila bega, akamwachia mkewe barabarani. Halafu akarudi majini kumfuata mama yangu, aliyekuwa hawezi kutembea. Akambeba mgongoni. Hadi mama anaingia kaburini, kila akisikia mvua usiku alikuwa akiuliza kama yule kijana yupo nyumbani.

Mwaka uliofuata mkewe alifariki. Ndugu walikaa kikao wakawagawa watoto: mmoja aende Tanga kwa shangazi, mwingine Temeke kwa bibi. Alikataa kata kata. Wamekuja pamoja, alisema, na yeye hawezi kuwa wa kuwatenganisha.

Walipoanza shule alinijia uani Jumapili moja jioni, kigoda mkononi, akaomba nimfundishe kusuka. Shule yao iliruhusu msuko wa twende kilioni tu, na hakutaka wanawe wakasukwe kwa huruma za majirani. Siku za mwanzo mistari ilienda upogo, watoto wakalia kwa kuvutwa, naye jasho likimtoka. Hakuacha. Wapo wanaume waliomcheka, lakini hakuwahi kujificha ndani; alisuka barazani, mchana kweupe, mabinti wakisoma madaftari yao kwa sauti katikati ya magoti yake. Katika maisha yangu sijaona baba mwingine aliyenifurahisha macho kama yule.

Kuhusu kisima. Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mgawo ukatangazwa jijini, mabomba yetu yalikauka siku nyingi. Uani kwake kulikuwa na kisima, maji yake yana chumvi, si ya kunywa, ila ya kufulia, kuoga na chooni yanafaa kabisa. Alikuwa akifungua geti saa kumi alfajiri, kabla hajaingia barabarani, na madumu yakapangwa hadi nje. Hakutoza hata shilingi. Pampu ilikula umeme wake, na ninajua kuna siku alirudi usiku akakuta LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, imekata, akatoa hela ya chakula akanunua uniti ili kesho watu wapate maji. Tulipogundua tukaanza kununua uniti kwa zamu. Wazee wasioweza kubeba aliwapelekea mwenyewe, kwa bajaji, ndoo zikiwa zimefunikwa khanga zisimwagike.

Aliondoka ghafla. Alirudi kutoka kazini akilalamika kichwa, presha ikapanda, na alfajiri geti halikufunguliwa. Mimi ni Mkristo, naye alikuwa Mwislamu. Kila Ramadhani futari ya nyumba yake nilishiriki kuipika. Sijui mwezi ujao wa mfungo nitaupitaje.

Bajaji yake ilikuwa ya mkataba, imebaki miezi miwili tu iwe mali yake. Nawashukuru hadharani wenzake wa kijiweni. Wanaiendesha kwa zamu, kila jioni hesabu inapelekwa kwa mwenye chombo, na mkataba ukiisha itakuwa ya mabinti, ambao mwaka huu wako kidato cha nne. Wao wenyewe ndio wanaofungua geti sasa, saa kumi ileile, kisha wanasukana nywele na kwenda shule.

Hitima itasomwa baada ya sala ya alasiri, palepale uani penye kisima. Kama yupo abiria wake anayesoma barua hii, au mtu aliyewahi kuchota kwake, karibu sana. Akifika Kigogo aulize kwa Baba Mapacha. Ataelekezwa.

Jirani yake,
Kigogo, Dar es Salaam