Barua kuhusu maji ya visima vya mafuta

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa mtambo wa kusafisha maji yanayopanda pamoja na mafuta, ingawa wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ya pembeni. Kisima cha mafuta kinapozeeka, maji ndiyo huwa mengi, na kwa kila pipa moja la mafuta huweza kupanda mapipa kadhaa ya maji.

Umeniuliza ununue chujio gani. Kabla hujanunua chochote, ichunguze pampu iliyo kati ya tangi la kutenganishia na haidrosaikloni. Haidrosaikloni huyazungusha maji kwa kasi ili mafuta, kwa kuwa ni mepesi, yakusanyike katikati na kutolewa, lakini matone yaliyo chini ya mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huponyoka. Pampu yenye kasi kubwa, au vali iliyobanwa mno, huyapasua matone makubwa yakawa madogo kiasi hicho, nawe ukabaki kuulaumu mtambo usio na kosa. Chukua sampuli kabla ya pampu na nyingine baada yake, uziache zitulie. Ikiwa ya pili imekuwa nyeupe kama maziwa na mafuta hayapandi juu, mwizi umemkamata.

Mafuta yakishaondoka, chumvi hubaki, na mara nyingi huzidi ile ya bahari. Maji hayo huweza pia kubeba benzini, ambayo ni kemikali yenye sumu, bariamu, ambayo ni metali, na radiamu, metali yenye mnururisho. Ndiyo maana kikomo cha wastani wa miligramu 30 za mafuta kwa lita, kinachotumika kwa maji yanayomwagwa Bahari ya Kaskazini, hakimaanishi kwamba maji hayo yanafaa kumwagilia shamba.

Mimi ningeyarudisha katika tabaka lilelile la mwamba yalikotoka, yasaidie kudumisha shinikizo. Kuyasukuma kwa wingi katika tabaka jingine lenye kina kirefu kuna hatari zake: huko Oklahoma, Marekani, utupaji wa namna hiyo ulihusishwa na tetemeko la Pawnee la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.8. Ila ukiyarudisha maji ya kisima, usiyachanganye na ya bahari bila vipimo, kwa sababu salfeti, aina ya chumvi iliyomo katika maji ya bahari, ikikutana na bariamu hufanya gamba gumu ndani ya mabomba, na gamba hilo hunasa radiamu. Fundi anayelikwangua bila kinga huvuta vumbi lake.

Majibu ya maabara yakitoka, niandikie kiasi cha bariamu na salfeti, ndipo tuzungumzie chujio.

Wako katika kazi,
Rafiki yako