Kwa nini hatuuzi kikao kimoja cha maumivu ya saratani

"Nimewalipa elfu hamsini mje kumwambia mama avute pumzi?" Aliyetupigia ni binti wa mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, na alikuwa amekasirika kweli. Sisi ni washauri tunaowafuata wagonjwa wa saratani nyumbani, kuwafundisha namna ya kuyakabili maumivu sambamba na dawa. Tulikwenda kwao Mbagala, usiku ule mama akalala vizuri, siku ya tatu maumivu yakarudi. Lalamiko hili tunalipata mara kwa mara, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa faida ya wote.

Kikao cha kwanza karibu chote ni cha kupima. Tunauliza maumivu yako wapi, yanachoma au yanavuta, yanazidi saa ngapi, na mgonjwa anayapa namba gani kati ya 0 na 10. Dawa tunaomba kuziona, chupa na vidonge, hatutaki kusimuliwa. Halafu tunauliza anawaza nini yanapoanza. Mama huyu kila kiuno kikibana aliona kwamba saratani imepanda na hatafika asubuhi. Mwili unakakamaa, usingizi unakatika, kesho yake anaumia zaidi. Pumzi na kulegeza misuli, kuanzia vidole vya miguu kupanda juu, vilikuwa vya kumtuliza tu siku ile. Kulichambua lile wazo na kupanga siku yake ili asichoke kupita kiasi ni kazi ya vikao vilivyofuata, ambavyo familia ilivifuta.

Na mtu asifikiri tunasema maumivu ni ya kujitungia. Uvimbe upo, na mishipa ya fahamu inabanwa kweli. Ila mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana kitu kama lango: taarifa ya maumivu inaweza kupunguzwa au kuongezwa kabla haijafika ubongoni, na ubongo wenyewe una sauti katika kulifungua na kulifunga. Hofu na upweke hulifungua. Hapo ndipo tunapofanyia kazi.

Sasa njia ya mkato. Familia inarekodi kikao kwenye simu, inaacha kutuita, kisha inamwekea mgonjwa ile rekodi maumivu yakiwa 9. Haisaidii. Zoezi linajifunzwa maumivu yakiwa 3 au 4, kila siku, mpaka mwili ulizoee. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza huku analia analichukia moja kwa moja.

Kibaya zaidi ni kupunguza mofini, dawa kali ya maumivu, kwa sababu "ushauri umemsaidia". Mzee mmoja wa Tandika alikuwa ameanza kukaa barazani na wenzake. Watoto wake, wakiogopa baba atakuwa teja, wakawa wanaruka dozi. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yasisubiriwe, na mgonjwa wa saratani anayeitumia chini ya daktari ni nadra sana kuwa teja. Mzee alirudishwa hospitali usiku kwa teksi, akalazwa. Walicholipa kingetosha vikao vyake vyote na chenji ikabaki. Sisi hatugusi dozi ya mtu. Tunamwandikia daktari wake barua, naye ndiye anayeamua.

Barua hiyo imo ndani ya elfu hamsini, pamoja na nauli, saa moja na nusu ya mshauri aliyesomea kazi hii, na simu ya kufuatilia. Humo mna pia macho ya mtu anayejua cha kuangalia. Mgonjwa wetu mmoja wa saratani ya tezi dume, Kigamboni, alitaja kwa kupita tu kwamba miguu imekuwa mizito na mgongo unauma tofauti na zamani. Kikao kilisimama palepale. Saratani ikibana uti wa mgongo, kuchelewa ni kupooza. Alifika hospitali siku hiyohiyo, akapata mionzi, na mpaka leo anatembea. Rekodi ya simu isingemuuliza swali la pili.

Kwa hiyo tunapanga vikao sita, malipo kwa awamu, na anayesitisha anarudishiwa pesa ya vikao ambavyo havijafanyika. Kabla hatujaja, andikeni kwenye daftari namba ya maumivu asubuhi, mchana na usiku, pamoja na saa ya kila dozi. Yakifika 8, mpigieni kwanza daktari au kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa. Dawa ikishashika, tupigieni sisi, hata jioni tunakuja.