Somo yangu, anza na wasiokuja

Malindi

Somo yangu mpenzi,

Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi limetukamata kooni na umeme unakatika kila ninapokaa kwenye cherehani. Barua yako nimeipata. Nilicheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kulikoni, pale uliposema wamekuchagua mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa siku ambayo wewe mwenyewe hukwenda. Ndio mtindo wao, asiyekuwepo ndiye hupewa kazi. Basi hongera na pole, zote pamoja.

Unaniuliza uanze na nini, na unajitetea kwamba wewe si mtu wa kuhubiri. Mshukuru Mungu. Wahubiri tunao tele, Malindi hii kila kona ina spika na kila spika ina nabii wake. Mimi nitakuambia jambo moja tu, na mengine yote yatoke humo. Ukikabidhiwa lile daftari la mahudhurio, usiwaangalie waliokuja. Waliokuja wamekuja. Tafuta jina lisilowekewa alama juma hili, na juma lililopita, halafu vaa leso yako uende ukabishe hodi.

Utasema ni jambo dogo. Mimi tangu Shakahola sioni kama ni dogo. Najua watu wamechoka kuisikia, na wenye hoteli hapa wanasema inawafukuzia wageni, lakini siwezi kukuandikia habari za upendo wa Kikristo nikiwa Malindi nikairuka Shakahola. Aprili 2023 makaburi yalipoanza kufukuliwa kule msituni, tuliacha kuhesabu. Miili ilipita 400. Watu walioambiwa wafunge, wasile wala wasinywe, ili wakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Na watoto wao pamoja nao. Siku zile nilipita hospitali ya hapa, Msalaba Mwekundu walikuwa wameweka meza ya kuandikisha waliopotelewa na jamaa. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja wa makamo, ameshika picha ndogo ya pasipoti, pembe zimekunjika, anaisugua kwa kidole gumba kama anayeifuta vumbi. Hakuwa akilia. Alikuwa anangoja zamu.

Kilichonikaa moyoni ni hiki. Kila aliyekufa kule alikuwa na mahali pake kabla ya kwenda. Alikuwa na benchi kanisani, alikuwa na zamu kwenye chama cha akina mama, mtoto alikuwa na dawati. Watu waliuza kitanda, wakauza shamba, wakawatoa watoto shule, na yote hayo yalifanyika mchana kweupe, kitanda hakiuzwi gizani. Wapo ndugu waliopiga kelele wakaripoti, wakazungushwa, hao siwasemi. Nasema sisi wengine, tunaoona kiti kitupu tukakisogeza kando kupata nafasi. Miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa DNA ilikabidhiwa wenyewe Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Na mwaka 2025 wakafukua tena, Binzaro, upande ule ule. Kwa hiyo usidhani mambo yalikwisha.

Unakikumbuka kile kikanisa cha Wareno cha makuti, kule karibu na bahari, tulikokuwa tukikaa kivulini tukitoka shule? Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mji huu mwaka 1542 akielekea India, na alipofika Goa akaandika barua iliyotaja mambo mawili ya Malindi. La kwanza, mtu mmoja alifariki chomboni mwao, wakamshusha wakamzika hapa, na Waislamu wa mji wakapendezwa na jinsi Wakristo walivyomzika mtu wao. La pili, mzee mmoja mkubwa wa mji alimwendea akamuuliza kama huko kwao makanisa yanajaa watu, maana yeye alikuwa na huzuni, mji una misikiti 17 na inayoendewa ni mitatu tu. Ksaveri alimjibu kwa ukali wa watu wa zama zake, jibu ambalo mimi, Mungu anisamehe, sikulipenda. Namwona yule mzee wa Kiislamu ndiye aliyekuwa na swali la maana siku ile. Alikuwa amewatafuta watu wake kwa macho akawakosa, na likamuuma kiasi cha kumuuliza hata mgeni.

Sasa hiyo hodi yenyewe. Kuna kijana wa bodaboda katika jumuiya yetu, anakaa Kisumu Ndogo, alikuwa hakosi. Akapotea. Wengine wakasema ameokoka amehamia kwingine, wengine wakasema amepata mwanamke Mtwapa. Tukaenda, mimi na mama mwenzangu. Mlango una kufuli. Jirani yake, mama wa Kibajuni anayekaanga viazi karai pale nje, akatutazama, akageuza viazi vyake kwanza, kisha akasema, "Nyinyi ndio wa kanisani kwake?" Kumbe kijana alipigwa na gari daraja la Sabaki, mguu umewekwa vyuma, yuko kwa dadake Gongoni. Na watoto wake wawili wanalala kwa huyu mama, wanakula kwa huyu mama, na ada ya mtihani ameilipa huyu mama kwa hela ya viazi. Hakutuambia ili kutusuta. Alikuwa anatupa taarifa, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zamu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa kazi ya mahubiri. Tulimlipa yule mama alichotoa kwa mtihani, akakataa, tukamwachia unga na mafuta, akakubali. Dada wa Gongoni tukampigia tukajua siku za kliniki. Ramadhani ilipofika jumuiya ikapeleka tende kwa yule mama, na akina baba waliogombana miaka yote kuhusu nani ashike ufunguo wa stoo wakabeba gunia la mchele bila mtu kuwaomba. Tulikubaliana tu kitu kimoja, hakuna kupiga picha. Siku hizi mtu akipewa kilo mbili za sukari lazima asimame katikati ya watu kumi akitazama simu. Huko kwako likatae hilo mapema, ukichelewa litakuwa desturi.

Nikupe na jingine ulitie akilini, maana litakujia haraka. Bibi mmoja wetu wa Maweni alikuwa na presha, hana bima. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, NHIF, ilipoondoka ikaja SHA, wazee wengi wamekwama hapo. Anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75 yakaisha. Asiye na mshahara anaulizwa maswali ya hali yake ya maisha, halafu anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hata akipangiwa kile kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 atoe mara moja. Bibi anauza makuti, 3,600 ataitoa wapi? Na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, tarakimu zimefutika, anabonyeza kwa kukumbuka tu. Tulikaa naye kwenye mkeka jioni nzima. Anaulizwa nyumba ina ukuta wa nini, unapikia nini, choo chako ni cha aina gani. Alipofika hapo kwenye choo akacheka hadi ushungi ukamdondoka, akasema, "Mwambie ni cha shimo, aje akitumie." Mfuko wa jumuiya ukalipa ile ya mwaka. Ilikuwa hela tuliyotaka kushonea sare za hija, na ni mimi ningezishona, kwa hiyo ujue nilipoteza biashara.

Na hapo kwenye sare, niache niseme. Kuna kwaya, siitaji, ilichukua sare kwangu tangu Krismasi, hadi leo haijalipa. Nguo nilizozikesha ndizo zinazoimba mbele ya altare kwamba Mungu ni pendo, na mimi nimekaa benchi la tatu nahesabu mishono yangu. Maandiko yameliweka wazi jambo hili. Walawi sura ya 19, ile ile yenye amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, inasema ujira wa uliyemwajiri usilale kwako usiku hata asubuhi. Linakuja kwanza hilo la ujira, mistari michache kabla ya lile la upendo. Sisi tumelishika la upendo tukaliandika kwenye kanga, la ujira tumeliacha liangukie mahakama ya kazi.

Katika jumuiya yako hili utalikuta majumbani, kwa wasichana wa kazi. Utaona mama anakuja sala amenyooka, rozari mkononi, na binti aliyebaki nyumbani hajaiona Misa tangu alipoajiriwa kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya pilau. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa binti huyo siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 zenye malipo kila mwaka. Huna haja ya kumwaibisha mama yeyote. Wewe sema siku ya tangazo kwamba sala ya juma lijalo wanaalikwa na mabinti wetu wa majumbani, tuwajue majina. Utaona nyuso zitakavyobadilika.

La fedha sitalikuza. Watu wawili washike, mmoja aandike, hesabu zisomwe kwa sauti kila mwezi hata kama ni shilingi mia saba. Na atakayekuja kila Jumatatu kukopa ya mnazi kwa jina la mgonjwa asiyekuwepo, mwambie mtakwenda pamoja kumwona huyo mgonjwa. Akikubali, umefanya vyema kwenda. Akikataa, mmeelewana. Wale wanaopenda kukuimbia kwamba kutoa ni moyo si utajiri, mara nyingi wanaongelea mfuko wako.

Kitakachokusumbua zaidi huko Mpeketoni, nadhani, ni ardhi na hofu. Jimbo letu ni moja tangu lilipoundwa mwaka 2000, lakini nyinyi wa Lamu mna kidonda ambacho sisi wa Malindi tunakisikia tu kwenye redio. Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 watu walijifunza kutazamana kwa kabila kwanza. Sikuambii usahau, nani ataweza? Nakuambia mkiandika majina ya jumuiya usikubali yaandikwe kwa makundi, hawa wa huku, wale wa kule. Nasi tuna letu, la wazee. Mzee akianza kuota mvi Kilifi hii, kuna kijana wa ukoo wake ataanza kunong'ona kwamba ni mchawi, na asubuhi moja mzee ameuawa kwa panga. Padre akihubiri dhidi ya ushirikina watu wanaitikia amina kwa nguvu. Lakini mimi nimejifunza kwamba ukisikia mzee anaitwa mchawi, uliza kwanza shamba lake lina ekari ngapi na hati iko kwa nani. Halafu mpelekee chai mchana, watu wakuone, na kesho aende mwingine. Mzee anayetembelewa kila siku ni vigumu kumnong'onea. Chifu naye aambiwe kabla, si baada.

Najua utachoka. Mimi huchoka. Kuna jioni natamani kufunga mlango, niweke miguu kwenye beseni la maji baridi, na mtu asinipigie hodi hata akiwa malaika. Siku hizo nafunga, na mwenzangu anaenda peke yake, ndiyo maana nakusisitizia usiwe peke yako katika jambo hili. Chagua mtu mmoja mwenye miguu mizuri na mdomo mdogo.

Ukija mkutano wa jimbo utalala kwangu, wala usiniambie habari za nyumba ya wageni. Niletee korosho, za kwenu, si zile wanazokaangia mafuta ya jana pale stendi. Kitambaa chako cha kitenge nimekikata tayari, mikono nimeiacha mirefu kidogo kwa sababu sasa wewe ni mwenyekiti.

Halafu kuna jambo uliloliandika kwa mstari mmoja, katikati ya habari za mvua na bei ya mahindi, kwamba yule mjane wa nyuma ya kinu haonekani tangu arobaini ya mumewe, na kwamba pengine amerudi kwao. Pengine si jibu, somo yangu. Nenda kesho, usingoje kukabidhiwa daftari. Ukimkuta, nipigie hata kama ni usiku. Usipomkuta, uliza kwa jirani anayekaanga kitu nje.

Wasalimie wote, na mama mkwe umwambie ile dawa ya magoti nimeipata.

Ni mimi somo yako