Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana shuleni kwetu. Maabara uliyoikagua asubuhi ina kompyuta 20. Zamani kila moja ilijitegemea: notisi tulihamisha kwa flashi, na virusi vikahama nazo. Leo zote zimeunganishwa kwenye swichi, kifaa kinachokutanisha nyaya za kompyuta ziwasiliane, na seva moja, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, imehifadhi mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi anaisoma hata siku ambayo bando limekwisha. Vichwa vya nyaya tumevibana wenyewe. Kila waya una nyuzi nane: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio huo tunaukariri kama shairi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulikwama tulipotaka kuifikia ofisi ya taaluma. Waya wa shaba wa mtandao mwisho wake ni mita 100, na ofisi iko mbali zaidi. Tukaweka swichi ya pili maktaba, katikati ya njia, na matokeo yakaanza kutumwa bila mtu kubeba karatasi. Masika yalipofika, radi ikapiga karibu na uwanja. Umeme ukapita kwenye waya uliokatiza nje, swichi zote mbili zikaungua jioni hiyo hiyo. Ya maabara wazazi walichanga ikanunuliwa nyingine, nasi tunawashukuru kwa dhati. Ya maktaba bado. Tumejifunza kwamba kati ya jengo na jengo panafaa faiba: ni kioo, hakipitishi umeme, na umbali wetu kwake ni mdogo.

Nje ya shule, kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaipeleka huduma mikoani. Sisi bado tunategemea modemu moja ya laini ya simu. Mmoja akifungua video ya fizikia, wenzake wote wanasubiri.

Kwa hiyo tunaomba mita 300 za faiba ya nje pamoja na vifaa vya kuiunganisha pande zote mbili, swichi ya maktaba, na UPS, yaani betri ya kuishikilia seva umeme ukikatika. Tunaomba pia utusemee kwa watoa huduma, shule iunganishwe na faiba. Mtaro tutachimba wenyewe. Kidato cha Tatu wameshaipima njia kwa kamba na kuchomeka vigingi kutoka maabara hadi mlango wa ofisi.

Tunaomba kuwasilisha.