Matokeo ya kidato cha nne yatangazwe pamoja na idadi ya walioanza kidato cha kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu watu wanaanza kuzichambua shule kana kwamba zote zilianzia sehemu moja, shule fulani GPA yake (wastani wa gredi za shule) mbovu, shule fulani ziro (waliofeli) kibao, walimu hawafundishi, mkuu wa shule ahamishwe. Mimi nafundisha hesabu shule ya kata na kuna watoto nimewafundisha ambao hawaonekani popote kwenye hayo matokeo, ndio maana naandika.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, mwanzoni mwa 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, wakasema ule utaratibu ulikuwa unazipigia shule promo na wanafunzi wenyewe wanasoma kwenye mazingira tofauti. Walifanya vizuri kabisa. Ila kumi bora hazijafa, zimehamia wasapu, matokeo yakipanda kwenye tovuti haipiti hata siku listi zimeshazunguka kwenye magrupu ya wazazi.

Sasa fungua ukurasa wa shule yoyote uangalie. Juu kuna kajedwali, wasichana mstari wao, wavulana mstari wao, halafu jumla, divisheni wani wangapi mpaka ziro. Chini namba za watahiniwa na gredi za masomo. Basi. Huyu mtoto aliingia na gredi gani ya darasa la saba hujui, anakaa bodingi au anatembea kwa miguu kila asubuhi hujui, na kubwa kuliko yote, shule ilipokea watoto wangapi miaka minne nyuma hujui.

Tuseme shule mbili zimepokea watoto 200 kila moja. Ya kwanza imefikisha 180 kwenye mtihani wakapata ziro 25, ya pili imefikisha 110 wakapata ziro 10. Kwenye wasapu ya pili ndio itasifiwa, wakati imepoteza watoto 90 njiani na hakuna anayeuliza wako wapi. Takwimu za serikali zenyewe zinaonyesha utoro ndio unaobeba sehemu kubwa ya wanaoacha sekondari, mimba zipo pia, na tangu Novemba 2021 wizara imeruhusu mabinti waliojifungua warudi shule. Sasa mwalimu anayehangaika kumfuata mzazi nyumbani, anambembeleza, binti anarudi na mtoto kamwachia bibi, anakaza mpaka anamaliza na divisheni foo, daraja la mwisho la kufaulu, kwenye lile jedwali binti huyu anaishusha shule! Angeachwa hukohuko nyumbani GPA ingeonekana nzuri zaidi. Hiki kitu kinaniuma sana kwa kweli, tunawapima walimu kwa namna ambayo kumtelekeza mtoto ndio kunalipa.

Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala, Msalato wanapelekewa watoto waliofaulu vizuri sana darasa la saba, ni shule za vipaji maalumu na ndio kazi yake, siwaonei wivu. Kuna za binafsi wanafanya usaili kabla ya kupokea mtoto na asiyefikisha wastani wao anaambiwa akatafute shule nyingine. Sisi wa kata tunapokea wote waliopangiwa kutoka shule za msingi za jirani, wengi gredi C, na hatumfukuzi mtu kwa wastani.

Halafu kuna lugha. Watoto wetu wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakija kidato cha kwanza karibu kila somo ni Kiingereza, wakati mwenzao aliyetoka mchepuo wa Kiingereza anaendelea tu. Kuna siku niliwapa swali, baba ana umri mara tatu ya mwanae, baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili yake, tafuta umri wa mtoto. Kijana mmoja kalikodolea macho mpaka kaweka kalamu chini, nikamsomea kwa Kiswahili, hapohapo akaandika 3x + 12 = 2(x + 12) akapata 12. Hesabu anaijua! Lakini kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kumsomea, ataandikiwa F na watu watasema shule za kata hazifundishi hesabu.

Wanaosema hizi shule zifungwe nawaomba wakumbuke zimetoka wapi. Zilijengwa kwa wingi kwenye MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, kabla ya hapo mtoto wa mkulima kufaulu darasa la saba na kukosa nafasi ilikuwa kawaida. Ada ilipofutwa 2016 wakaja wengine ambao wangebaki nyumbani. Matokeo ya 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro mpaka Waziri Mkuu akaunda tume, ilikuwa aibu na sitetei, ila wengi wa watoto wale miaka michache nyuma wasingefika hata kwenye chumba cha mtihani.

Ombi langu kwa NECTA na wizara ni dogo. Watoto wanasajiliwa kwa namba ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, tangu msingi, kwa hiyo taarifa zipo. Kwenye lile jedwali ongezeni walioanza kidato cha kwanza wangapi, waliohama wangapi, walioacha wangapi wakike na wakiume, na waliingia na gredi zipi. Mzazi aone shule imemchukua mtoto wapi na imemfikisha wapi.

Na kuna walimu watasema nawatafutia wazembe pa kujifichia. Hapana, ni kinyume chake. Kuna shule za kata mbili kata jirani, watoto walewale, gredi zilezile, umbali uleule, moja inafikisha watoto mwisho na divisheni nzuri na nyingine haifikishi. Leo zote zinatukanwa pamoja. Jedwali likiwa kamili hiyo ya pili haitakuwa na pa kujificha, mkuu wa shule aulizwe na mwalimu wa hesabu aulizwe pia.

Mwalimu, shule ya sekondari ya kata