Programu ya kuchati ikishafunguka, kazi bado haijaisha

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wale wanaosakinisha kwenye seva ya Linux programu ya kuchati inayotumika ndani ya kivinjari. Maelekezo mengi ya kazi hii huishia pale ukurasa wa kuingilia unapoonekana, na kumwacha msakinishaji akiamini kwamba amemaliza.

Nichukue mfano wa The Lounge, programu huria inayomuunganisha mtumiaji na mitandao ya IRC, mfumo wa mazungumzo uliobuniwa na Jarkko Oikarinen nchini Ufini mwaka 1988 na ambao hadi leo haujaachwa. Kwenye Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, usakinishaji wenyewe ni mwepesi: Node.js (jukwaa la kuendeshea programu za JavaScript) ikiwapo, kifurushi cha .deb husakinishwa kwa amri ya apt, akaunti maalumu ya kuendeshea programu hufunguliwa, na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huishika huduma hiyo. Taabu ni kwamba programu, ikiachwa ilivyo, husikiliza kwenye poti 9000 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba) kwa yeyote anayeweza kuifikia seva, tena bila usimbaji, hivyo nenosiri la mtumiaji husafiri wazi njia nzima. Dawa yake ni kuifunga kwenye anwani ya 127.0.0.1, inayofikiwa kutoka ndani ya seva yenyewe tu, kwenye faili la mipangilio, kisha kuweka mbele yake Nginx, programu ya kupokea na kupitisha maombi ya wavuti, ikiwa na cheti cha TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, ambacho Let's Encrypt hukitoa bure. Nginx nayo ielekezwe kupitisha WebSocket, muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva, na iongezewe muda wa kusubiri, kwa sababu kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 60.

Wapo wanaofanya kila kitu kwa akaunti ya root, yenye mamlaka yote kwenye seva, ili kukwepa usumbufu wa ruhusa. Hawaukwepi. Mtumiaji akiongezwa kwa root, faili lake huwa mali ya root na huduma hushindwa kulisoma. Amri ya kuongeza mtumiaji itolewe kwa akaunti ileile inayoiendesha programu.

Hata hivyo, jambo linalonisukuma kuandika ni jingine. TLS hulinda safari kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye seva, na poti 6697, ambayo IRC huitumia kwa mawasiliano yaliyosimbwa, hulinda safari kutoka kwenye seva hadi kwenye mtandao wa IRC, lakini katikati, ndani ya seva yenyewe, ujumbe husomeka kama barua iliyofunguliwa. Nenosiri la kuingilia huhifadhiwa kwa bcrypt, njia ya kulificha lisiweze kusomeka tena, ila nywila za mitandao ya IRC hubaki zikisomeka, maana programu isingeweza kuzitumia vinginevyo, na mazungumzo huandikwa kwenye diski mpaka msimamizi aamue kusitisha uhifadhi huo. Kwa maoni yangu, anayewafungulia wenzake akaunti bila kuwaeleza haya hawatendei haki, hata kama nia yake ni njema na huduma ni ya bure.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaalika watu, msimamizi azime uhifadhi wa ujumbe usio na ulazima, azuie watumiaji wengine wa seva kulisoma folda la data, na ahakikishe kwa amri ya ss -tlnp, inayoorodhesha poti zinazosikiliza, kwamba poti 9000 inasikiliza ndani tu. Nakala za akiba nazo zisimbwe, kwani zimebeba nywila zilezile.

Wako,
Msomaji na msimamizi wa seva