Asante dada wa koti jekundu, pale Bamburgh

Jamani naomba nimshukuru mtu hapa maana jina lake sikuliuliza. Juzi nilimpeleka mama matembezi ya siku moja kutoka Edinburgh kule Scotland, tunavuka mpaka kuingia Uingereza kwenda kuona ngome za pwani ya Northumberland, Alnwick kisha Bamburgh, ile iliyokaa juu ya mwamba mweusi kando ya bahari, ndo ya kwanza Uingereza kutekwa kwa mizinga, mwaka 1464. Sasa kwenye ule mlima goti la mama likagoma kabisa na kundi letu limeshatangulia na mwongoza watalii.

Dada mmoja wa kundi lingine akasimama. Akamkalisha mama ukutani, akavua skafu yake akamfunga goti, akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, halafu akamshika mkono wakapanda hatua kumi wanapumzika, hatua kumi wanapumzika, mpaka juu. Mama akaiona bahari akasema "kama Tanga, ila baridi". Akatushusha mpaka kwenye basi, skafu akakataa kuichukua.

Ukiwa matembezini ukaona mzee kaachwa nyuma, rudi umshike mkono tafadhali. Dada, skafu yako mama kaifua, anaivaa mpaka leo.